Saa Chache Katika Mji wa Kale wa Kilwa

Mazungumzo yetu ya leo ni ya safari fupi: kuvuka bahari asubuhi kutoka Kilwa Masoko, kuuzunguka mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, na kurudi bara kabla ya jua kuchwa. Watu wengi wa pwani hii, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi na Mikindani, wamelisikia jina la mji huo tangu utoto wao, wala hawajapata kuukanyaga. Na baadhi ya waliokwenda wamerudi wakisema, "Hakuna kitu kule, ni kuta tupu."

Maneno hayo si ya haki, lakini sababu yake yafahamika. Soko hujieleza lenyewe, maana watu wamo na bidhaa zimo. Gofu halijielezi. Mtu akiingia bila swali, atatoka bila jibu, hata akikaa siku nzima. Lakini mwenye maswali mazuri aweza kujifunza mengi kwa muda wa saa nne au tano. Basi nia yangu leo ni kuwapa maswali hayo, na kuwaonyesha jinsi ya kuyatumia.

Twaweza kuanza na mgeni mmoja wa zamani ambaye naye hakukaa Kilwa siku nyingi. Jina lake ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu kuwa ni katika miji mizuri. Miaka michache baadaye safari zake zikamfikisha Samarkand, mji mkubwa wa Asia ya Kati, ulio mbali sana na bahari. Kilwa aliikuta imo katika enzi yake. Samarkand aliikuta nusu yake imebomoka, kwa kuwa majeshi ya Chinggis Khan yalikuwa yameuteka mji huo mwaka 1220.

Sasa tazameni jinsi dunia inavyogeuka. Samarkand ilijengwa tena na watawala waliokuja baadaye, na katika karne iliyopita majengo yake yalitengenezwa sana. Mgeni afikaye leo katika uwanja wake mkuu, uitwao Registan, huona vyuo vitatu vya kale vimesimama pande tatu za uwanja, kuta zake zimefunikwa vigae vya buluu ving'aavyo. Cha kwanza kilijengwa kati ya mwaka 1417 na 1420. Mgeni huyo akiwa na saa chache tu, macho yake yatatosheka. Kilwa haikutengenezwa namna hiyo. Kuta zake zimebaki na rangi ya jiwe na kuvu, na mahali pengi paa limekwisha kuanguka. Hata hivyo miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Kilwa Kisiwani, pamoja na magofu ya Songo Mnara, tangu mwaka 1981, na Samarkand tangu mwaka 2001. Heshima ni moja, bali Kilwa humtaka mgeni atumie akili zaidi kuliko macho.

Maswali ya kuuliza mbele ya kila jengo ni matatu. La kwanza, limejengwa kwa vitu gani? La pili, lilifanya kazi gani? La tatu, mali ya kulijenga ilitoka wapi? Yashikeni maswali hayo, kisha tuvuke.

Kabla ya kuvuka, mgeni hana budi kupata kibali cha kuyaona magofu. Kibali hicho hutolewa Kilwa Masoko. Kisha yafaa atafute kiongozi aijuaye njia, na apatane naye ujira mapema ili pasiwe na ubishi baadaye. Na achukue maji ya kunywa, kofia, na viatu vya kukanyagia mawe na miiba. Kutoka gati la Masoko hata kisiwani ni maili moja na kitu hivi. Mashua ya tanga huenda kwa kadiri ya upepo. Yenye mashine hufika upesi. Na kisiwa hicho si pori. Kina kijiji cha wavuvi na wakulima ambao nyumba zao zi karibu na magofu, basi mgeni na awaamkie wazee kama apitavyo katika kijiji chochote, na avae mavazi ya staha, maana atapita misikitini na makaburini.

Mashua ikikaribia pwani, jengo la kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyo karibu kabisa na maji. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi, wakauteka mji, wakaupora, wakajenga ngome. Haukupita muda mrefu wakaona kwamba faida si kubwa kama walivyotumaini, na mwaka 1512 wakaiacha. Ngome tuionayo sasa kwa sehemu kubwa si ile yao, bali ni kazi ya watu wa Omani ya miaka ya mwanzo ya 1800, iliyojengwa mahali pale pale. Hata jina lake lina historia: wataalamu wa lugha husema kwamba neno "gereza" lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

Na ile dhahabu ya kodi? Ilipelekwa Lisbon, na mfua dhahabu mmoja akaifanya chombo cha ibada chenye ufundi wa ajabu, kilichomalizika mwaka 1506. Chombo hicho kingalipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la mji huo. Hivyo mtu wa Kilwa akitaka kuiona dhahabu iliyotoka katika mji wake, ni lazima asafiri mpaka Ureno.

Kutoka Gereza twaenda kwa miguu mpaka Msikiti Mkuu. Hapa ndipo mahali pazuri pa kuuliza swali la kwanza, la vitu vya ujenzi. Sogea karibu uutazame ukuta. Utaona kwamba ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe la kawaida lilichimbwa nchi kavu, na hilo ndilo lililojaza kuta. Lakini kwa milango, kibla na mapambo mafundi walitumia tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kazi ambayo wazee wa pwani wangali wakiijua. Basi karibu kila kitu katika ukuta huu kilitoka baharini au ufukoni, na kila jiwe lilipita katika mkono wa mtu aliyejua kazi yake.

Msikiti huu una sehemu mbili, na mgeni mwangalifu ataona tofauti. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kwanza, nayo ni ndogo. Ilijengwa katika miaka ya 1000 au 1100, na paa lake lilikuwa bapa, likichukuliwa na nguzo 9. Sehemu ya kusini ni kubwa kupita ile mara nyingi. Iliongezwa katika miaka ya mwanzo ya 1300, ikaanguka baadaye, na katika miaka ya 1400 ikajengwa upya kwa nguzo za mawe, matao na makuba. Katika zama zake msikiti huu ulikuwa mkubwa kuliko yote ya pwani hii. Ukisimama mpakani mwa sehemu hizo mbili, umesimama kati ya mji mdogo na mji mkubwa. Maana watu hawapanui msikiti ila wakiwa wamezidi kuwa wengi, na mali yao imezidi pia.

Karibu na hapo uko msikiti mwingine, mdogo, wenye makuba, wa miaka ya 1400. Umehifadhika vizuri kuliko majengo mengine mengi ya kisiwani, na kuba lake la katikati lina nguzo fupi juu yake. Hapa twaweza kueleza jambo moja la ufundi. Vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba. Upana wake mara nyingi haupiti futi 8 au 9. Sababu yake ni boriti. Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa mti wa mkoko ndio uliompimia mwenye nyumba upana wa chumba chake. Kuba halihitaji boriti, ila linahitaji fundi hodari zaidi. Kwa hiyo ukiona kuba ujue kwamba mwenye kujenga alikuwa na mali, na fundi alikuwa na elimu.

Upande wa pwani mtaonyeshwa Makutani, jumba kubwa lililozungukwa na kuta ndefu. Bila shaka jina lake limetokana na kuta hizo. Jumba hili ni la zamani za karibu zaidi, la miaka ya 1700. Hapa swali la tatu, yaani mali ilitoka wapi, lina jibu zito. Katika miaka hiyo Kilwa ilitajirika tena baada ya kudhoofika, na biashara iliyoitajirisha ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifanya mapatano na Mfaransa aitwaye Morice, ya kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Watu hao walitolewa bara, miongoni mwa makabila ambayo wajukuu zao wangali wakikaa kusini mwa Tanzania mpaka leo. Kuta za Makutani ni nzuri, na si haki kuzitazama bila ya kuwakumbuka hao.

Sasa twaendelea upande wa mashariki, yapata maili moja, kwa njia ipitayo kati ya minazi na mashamba, mpaka Husuni Kubwa. Jina hili latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa jumba la mfalme. Limekaa juu ya genge, na chini yake ni bahari. Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi, katika miaka ya mwanzo ya 1300. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Upande mmoja ulikuwa wa makazi na baraza; upande wa kusini ulikuwa ua mpana uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa. Liko pia birika la pembe nane la kuogea, ambalo umbo lake laonekana waziwazi mpaka leo. Hivyo jibu la swali la pili, la kazi ya jengo, ni kwamba chini ya paa moja walikaa mfalme na ghala yake. Utawala na biashara vilikuwa kitu kimoja.

Lakini bidhaa gani? Bidhaa kubwa zilikuwa dhahabu na pembe. Dhahabu ilichimbwa mbali kusini, katika nchi ya Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, ikaletwa Kilwa kwa majahazi. Na kwa nini wafanya biashara wa Arabuni na Bara Hindi hawakuifuata wenyewe mpaka Sofala? Jibu li katika pepo. Kaskazi huwaleta kwetu, na kusi huwarudisha kwao. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo kiliweza kuyashika na kurudi kwa msimu mmoja. Aliyepita zaidi kusini alikuwa katika hatari ya kukaa mwaka mzima ugenini. Kwa hiyo mwenye Kilwa alikaa mlangoni. Dhahabu yote ya kusini ilipita mbele yake, naye akaitoza ushuru.

Alama za biashara hiyo zimeonekana. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 na katika miaka ya 1960, Neville Chittick alichimba Kilwa kwa uangalifu, na mwaka 1974 habari zake zikapigwa chapa katika kitabu cha juzuu mbili. Vilipatikana vyombo vya kauri vya Uchina, vyombo vya rangi vya Uajemi, shanga, na sarafu nyingi za shaba zenye majina ya masultani, zilizopigwa Kilwa penyewe. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeonekana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Tena mwaka 1944 sarafu chache za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Ibn Battuta alimkuta mfalme huyu, na amesimulia kwamba maskini mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu wakamsifu. Mwana wa mfalme akazirudisha nguo kwa kumpa maskini yule watumwa 10 badala yake, na mfalme akamwongezea watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Mgeni huyohuyo amesema kwamba mfalme alikuwa akipiga vita nchi za jirani na kuteka mali. Basi ukarimu ule ulikuwa wa kweli, na waliogharimiwa nao walikuwa watu wa kweli pia. Anayesimama Husuni Kubwa yampasa kuyakumbuka mambo yote mawili. Wachunguzi waona kwamba jumba hili halikupata kumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu. Jirani yake ni Husuni Ndogo, ua mkubwa wa mraba wenye kuta nene, ambao kazi yake wataalamu hawajapatana juu yake mpaka sasa.

Pengine mwanafunzi atauliza: wenye mji huu walikuwa nani? Tarikh ya Kilwa yasema kwamba mfalme wa kwanza alikuwa Mshirazi, Ali bin al-Hasan, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Zamani waandishi wengine wa kigeni walisema kwamba mji wote ni kazi ya wageni. Uchimbaji umeonyesha sivyo: chini ya nyumba za mawe zimo alama za nyumba za miti na udongo na vigae vya vyungu vya wenyeji, tangu miaka ya 800 hivi. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani ya Waswahili, wa Kilwa wakiwamo. Waliona kwamba nasaba ya upande wa kike ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na ya upande wa kiume, kwa wengi waliochunguzwa, ni ya Asia, hasa Uajemi. Na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi masimulizi ya wazee hayakuwa ya bure, na fahari ya wenyeji haikuwa ya bure pia.

Sasa jua limeanza kushuka, na mashua yangoja. Limebaki neno moja kubwa. Mji huu una adui wawili. Wa kwanza ni bahari. Mawimbi hula ufuko, na majengo yaliyo karibu na maji, Gereza na Makutani yakiwamo, yamo hatarini. Mvua na mizizi ya miti nayo hupasua kuta. Kwa ajili hiyo mwaka 2004 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kazi ikafanywa: kuta zikashikizwa, magugu yakakatwa, mikoko ikapandwa ili ishike mchanga, na mwaka 2014 majina yao yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kazi kama hiyo haina mwisho, maana bahari hailali.

Adui wa pili ni mkono wa binadamu, na huyu aweza kuzuiwa leo hii bila gharama. Mtu akichukua jiwe moja la kujengea jiko, kigae kimoja cha kuchezea, au sarafu moja ya kuuza, huona kwamba ni kitu kidogo. Lakini mchunguzi hukisoma kigae kwa sababu ya mahali kilipolala: juu ya nini, na chini ya nini. Kikiondolewa mahali pake, hata kikirudishwa kesho, hakitaweza kusema tena. Kadhalika anayeandika jina lake ukutani huliharibu jambo lililodumu miaka mia saba ili jina lake lisomwe na wapitao wachache.

Kwa hiyo nawapa shauri. Walimu wa Kilwa, Lindi na Mtwara, msiwape wanafunzi tarehe tupu. Wakipata nafasi ya kuvuka, wapeni daftari, na kila mmoja achore jengo moja na kujibu yale maswali matatu. Wazazi, waulizeni wazee wa kisiwani majina ya visima, makaburi na mitaa ya kale, mkayaandike, kwa sababu majina hayo hayakuchongwa katika jiwe lolote. Na kila mtu avukaye kwenda Kilwa, aokotapo kigae njiani, akitazame vizuri, amwonyeshe mwenziwe, kisha akirudishe palepale alipokiokota.